Namba ikitumwa lazima ijibiwe: shajara ya mradi wetu wa kisukari kwa simu

Wiki ya 1

Haya, leo tumeanza rasmi. Wazo lenyewe halina ugumu, watu wenye kisukari wanaokaa mbali na hospitali wajipime sukari nyumbani, watutumie namba, sisi manesi wawili tuzipitie, alafu daktari aliyeko mjini azione jioni na tuongee naye kwa simu kabla ya kubadilisha chochote. Hadi sasa utaratibu ni kwamba mtu anaamka usiku wa manane anasafiri nusu siku, anapanga foleni, anapimwa mara moja, anaandikiwa dawa za mwezi mzima anarudi kwao. Kipimo kimoja, tena cha siku ambayo hajalala na hajala. Hapo hata daktari awe bingwa vipi anaamua nini? Siku zingine zote za mwezi mtu yuko peke yake na kisukari chake, yeye ndo anaamua ale nini, ameze saa ngapi, ajichome kiasi gani, na hakuna wa kumuuliza. Hizo siku ndo tunazozitaka.

Tumegawa mashine za kupimia, stripu na vile visindano vya kutobolea kidole. Nimewaonyesha mmoja mmoja, nawa mikono kwa maji ukauke kabisa (ukishika tunda alafu ukapima bila kunawa, utapima sukari ya tunda), toboa pembeni ya kidole na sio katikati, mana pembeni hapaumi sana, na badilisha vidole. Wengi ni wakulima, ngozi ya vidole ni ngumu kama kisigino, mzee mmoja katobolewa mara tatu ndo damu ikatoka. Mwisho tukagundua kumwambia auning'inize mkono chini dakika moja kwanza kunasaidia.

Wiki ya 2

Programu ya simu janja tumeiweka pembeni. Ilikua nzuri, ina grafu, ina rangi, kijana wetu wa mitambo alikesha nayo, ila wagonjwa wengi wana kitochi na simu janja iliyopo nyumbani ni ya mtoto ambaye mwenyewe hayupo, kaenda kutafuta kazi. Tumehamia meseji za kawaida. Mtu anaandika namba anatuma, basi. Kwa wasiosoma tumerekodi sauti, simu inaita wanasikiliza.

Senegal mwaka 2014 walianza kutuma meseji za kisukari kwenye simu za kawaida chini ya mpango wa WHO (Shirika la Afya Duniani) na ITU (la mawasiliano la Umoja wa Mataifa) wa Be He@lthy, Be Mobile, na wakaanza na kipindi cha Ramadhani, wakati ambapo mtu ana swali la kweli kichwani kuhusu kufunga na sukari yake. Hilo tumelichukua. Tumefuta ratiba ya meseji za "kila jumatatu elimu", tutatuma jambo pale linapomhusu mtu.

Wiki ya 3

Jana saa nne usiku mtambo wetu unaopokea meseji umepiga kelele, sukari 62, mzee anayetumia vidonge. Sukari inasomwa kwa vipimo viwili, miligramu na milimoli, na miligramu 62 ni kama milimoli 3.4, yani imeshuka, chochote chini ya 70 au chini ya 3.9 ni hatari inayotaka kushughulikiwa hapo hapo. Nimepiga simu mara tano haipokelewi. Nikampigia mhudumu wa afya wa jamii wa kule, maskini akavaa buti akatembea gizani hadi kwa mzee, akamkuta kalala zake vizuri tu. Mashine yake inasoma kwa milimoli na ilikua imeandika 6.2. Mjukuu aliyetuma meseji hakuweka nukta.

Tumeshukuru Mungu ni hivo na sio kinyume chake. Mana fikiria mwingine akituma 148, je ni 14.8 ambayo ni sukari imepanda sana, au ni 148 ya miligramu ambayo ukigawa kwa 18 unapata 8.2 na baada ya kula hiyo sio mbaya? Namba ni ile ile lakini zinasema habari mbili tofauti kabisa.

Leo siku nzima tumeshinda tunapiga simu nyumba kwa nyumba kuuliza kila mtu ageuze mashine asome nyuma imeandikwa nini. Tumekuta aina mbili zimechanganyika kwenye mgao, jambo ambalo tulipaswa kuliona kabla hatujafungua boksi la kwanza. Kuanzia sasa kila mashine ina stika, kila mtu kwenye daftari letu ana alama ya kipimo chake, na wale wa milimoli tumewafundisha kutamka na kuandika "sita nukta mbili". Mtambo ukiona namba inayoweza kusomeka kote kote haukisii, unatuita.

Wiki ya 5

Hii naandika mikono bado haijatulia.

Kuna kijana anatumia insulini, dada yake ndo anamtumia meseji. Juzi jioni dada kaandika HI. Mtambo ukamjibu wenyewe, tafadhali tuma namba. Akatuma tena HI. Tafadhali tuma namba. Mara ya tatu HI. Mwenzangu alikua anafunga kazi akaona mazungumzo yale akashtuka, mana HI kwenye hizi mashine haimaanishi hujambo, inamaanisha sukari imepita uwezo wa mashine kusoma, kwenye nyingi ni zaidi ya 33.3 kwa milimoli au 600 kwa miligramu. Akapiga hapo hapo. Dada anasema anatapika tangu asubuhi, tumbo linamuuma, anahema kwa nguvu na haraka kama mtu aliyekimbia, na mdomo unanuka kama matunda yaliyoiva sana. Hiyo sio ya kushauriana kwa simu. Mwenzangu alimwambia sentensi moja tu, "dada, tafuta usafiri sasa hivi mpeleke hospitali, mimi naongea na hospitali wakusubiri", alafu akabaki nao kwenye simu hadi wakapanda gari. Kijana amelazwa, yuko hai.

Alikua ameacha kujichoma kwa siku mbili kwasababu alikua anaumwa, hali chakula, akaona asipokula insulini ya nini. Wengi sana wanaamini hivo na ni kosa linaloua, mwili ukiumwa sukari inapanda hata bila kula. Tumerekodi sauti mpya ya kitu hiki kimoja, ukiumwa usiache insulini, kunywa maji, pima mara nyingi, tupigie. Na mtambo sasa ukiona HI au LO (imeshuka chini ya uwezo wa mashine kusoma) unaita simu ya zamu moja kwa moja, haujibu kitu. Sitaki tena mashine imwambie mtu atume namba wakati namba hakuna.

Wiki ya 6

Meseji zinapungua. Wiki ya kwanza ya meseji zilikua zinaingia asubuhi na jioni, wiki hii kuna watu hawajatuma kabisa na mashine wanazo, stripu wanazo. Mwenzangu anasema wamechoka kutoboka, labda. Nimeamua nipige niulize.

Mama mmoja kanijibu kitu nimekiandika kwenye karatasi nimebandika juu ya meza. Nimemsalimia, shikamoo mama, akaitikia, nikauliza mbona kimya. Akasema, "Mwanangu, mimi nilikua natuma. Nimetuma kumi na mbili, nikatuma kumi na tatu, nikatuma tena kumi na mbili. Nikaona hakuna mtu."

Na ni kweli. Tulikua tumeweka kiwango cha hatari, chini ya 3.9 au juu ya 16 tunapiga simu, katikati hapo mtambo unaandika "asante, kipimo chako kimepokelewa". Yeye alikaa wiki tatu kwenye kumi na mbili na kumi na tatu, sukari ambayo haimuangushi leo ila inamla macho na figo na mishipa ya miguu taratibu, sisi tunamwambia asante. Ningekua mimi ningeacha mapema zaidi.

Tumekaa kikao hadi usiku. Tumeamua kila anayetuma namba anapata jibu la mtu, siku hiyo hiyo, hata kama ni maneno manne. Na kama hana salio asihangaike, abipu tu, tutampigia sisi. Nimepiga hesabu ya muda wetu nimeona inabana, ila bora tuwe na wagonjwa wachache tunaowajibu kuliko kuandikisha wapya wa kuja kuona hakuna mtu.

Wiki ya 7

Bipu zimekua nyingi kuliko meseji! Watu wanapenda kuongea. Na ukiongea unasikia vitu ambavyo namba haisemi, unasikia mtu amechoka, unasikia kuna msiba nyumbani, unasikia watoto wanalia nyuma.

Wiki ya 9

Mama wa kumi na mbili na kumi na tatu (naye anajichoma insulini) alikua bado hashuki. Daktari alishapandisha dozi mara mbili na jioni hii alitaka kupandisha tena. Mhudumu wa afya wa jamii alikua kwake na simu janja, mtandao ulikua unakubali wakisimama karibu na mlango, nikaomba basi tumuone anavojichoma, kama kawaida yake, tusimwambie kitu.

Akachukua chupa. Insulini yake ni ile ya maziwa, ambayo ikikaa inajitenga, ya juu inakua maji maangavu kabisa na chini kunakaa unga. Kwenye video niliiona kabisa ile mistari miwili ndani ya chupa. Akachomeka sindano, akavuta kutoka kwenye yale maji ya juu, taratibu, kwa uangalifu mkubwa, akaangalia alama za kwenye bomba kama alivofundishwa, hazikuzidi wala kupungua. Alafu akapandisha nguo akajichoma tumboni, upande wa kulia chini ya kitovu, na pale pale kuna kinundu kinaonekana hadi kwenye picha mbovu ya simu.

Nikamuuliza mama hapo panauma? Akasema hapana, hapo ndo hapaumi, ndo mana nachoma hapo siku zote.

Mambo mawili yako pale. Moja, hajawahi kuichanganya, hakuna aliyemwambia, kwahiyo siku zingine anavuta insulini hafifu na chupa ikikaribia kuisha anavuta nzito. Mbili, kile kinundu ni mafuta yanayoota mtu akichoma sehemu moja muda mrefu, hapaumi kweli ila dawa ikiingia pale inanyonywa ovyo, leo kidogo kesho nyingi. Daktari alikua kwenye laini akasikiliza yote akanyamaza kidogo, akasema dozi tusiipandishe, na kama tungeipandisha alafu akaanza kuchanganya na kuhama sehemu, tungemuangusha. Akaishusha kidogo badala yake na kusema apime mara nne kwa siku wiki hii.

Tukamfundisha pale pale. Viringisha chupa kati ya viganja mara kumi, ipindue juu chini mara kumi, usiitikise kwa nguvu ikatoa povu, angalia iwe nyeupe yote kama maziwa. Alafu tumbo ligawe sehemu nne kama saa ya ukutani, kila wiki robo moja, na kwenye kinundu usiguse tena hadi kilainike. Amerudia mara tatu mbele ya simu. Mhudumu naye kachora ile saa kwenye daftari lake.

Tumetoka kwenye simu ile nikakaa nje muda. Miaka yote hiyo amekua akiambiwa hafati masharti.

Wiki hii hii tumeanza kumuangalia kila mtu wa insulini anavojichoma. Wanne hawachanganyi.

Wiki ya 11

Mvua, mnara umelala siku tatu. Hakuna la kuandika ila kwamba wahudumu walizunguka na madaftari kwa miguu na tukaingiza namba zote mtandao uliporudi. Tumenunua chaja za sola za kila mhudumu. Nimeulizwa pia kuhusu insulini na joto, watu hawana friji. Chupa ambayo haijafunguliwa inatakiwa nyuzi 2 hadi 8 na isigande kamwe, ila iliyofunguliwa nyingi zinakaa kama wiki nne kwenye joto la kawaida la ndani, na kuna utafiti wa MSF (Madaktari Wasio na Mipaka) na Chuo Kikuu cha Geneva uliotoka 2021 uliopima joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 kwa wiki nne na insulini ilibaki na nguvu yake. Kwahiyo chungu cha udongo chenye mchanga mbichi kinatosha sana, tumewapa moyo. Anayetembea kilomita kadhaa kila siku kwenda kuweka chupa iliyofunguliwa kwenye friji ya watu hana haja.

Wiki ya 13

Mzee wa 6.2, yule wa wiki ya 3. Mke wake kabipu saa kumi na moja alfajiri. Anasema mume wake ameamka shuka limelowa jasho, anaongea maneno hayaeleweki, anatetemeka. Nikamuuliza anaweza kumeza? Anaweza. Mpe sukari ya kawaida, vijiko vitatu hadi vinne vya chai, kwenye maji anywe, nipo hapa sikati. Ndo gramu 15 hizo. Tukahesabu dakika 15 pamoja, muda wote nasikia yule mama anahema. Wakapima 3.1. Akanywa tena, tukasubiri tena, 5.4, na nikasikia sauti ya mzee nyuma anauliza unaongea na nani saa hizi. Nilikaribia kulia.

Jioni daktari ameangalia, kidonge chake ni glibenklamidi, inashusha sukari muda mrefu na kwa mzee ambaye figo zimechoka inakaa mwilini hata zaidi, hata orodha ya dawa muhimu ya WHO inasema haifai kwa wenye zaidi ya miaka 60. Amebadilishiwa kwenda gliklazidi, dozi ndogo, na ataletwa kupimwa figo. Tumepitia daftari lote usiku huo huo kutafuta wazee wengine wenye hiyo dawa. Wapo. Kesho tunaanza nao.

Nimeona pia kwamba asubuhi zote wiki mbili zilizopita alikua anatuma 4.2, 4.0, 4.3 na sisi tukamsifia. Kwa mzee wa umri ule zilikua zinatuambia sukari itashuka. Nimeandika kwa wino mwekundu.

Wiki ya 17

Picha za miguu. Kwa ufupi, hazitoshi. Mwanga ni mdogo, kidonda kinaonekana cheusi chote, huwezi kujua kama ni kina au ni juu juu, na mguu wenye ganzi mtu hasikii hata msumari. Tumekubaliana kidonda chochote kwenye mguu wa mwenye kisukari, kidogo vipi, ni cha kwenda kuonwa kwa macho, simu kazi yake iwe kumpangia safari tu. Tunachofanya kwa simu ni kumkumbusha kila jioni aangalie nyayo na katikati ya vidole, kama hawezi kuinama amuombe mtoto amuangalie.

Wiki ya 19

Dada mmoja kajitoa. Simu ni ya mume na mume kasoma meseji zetu, alikua hajamwambia anaumwa sukari, na yeye anasema kwa kumtumia meseji tumemtangaza. Ana haki. Tulimuuliza namba ya simu, hatukumuuliza simu ya nani na nani mwingine anaishika. Tumeanza kuuliza hilo kwanza, na asiyetaka meseji zenye neno kisukari au sukari tunakubaliana neno letu wenyewe. Huyo dada mhudumu anampitia kimya kimya, lakini imani yake hatujairudisha bado.

Wiki ya 22

Stripu zimechelewa, aliyetakiwa kutuletea ametupiga tarehe mara tatu. Imebidi tugawane zilizopo na hapo daktari ametusaidia kufikiri. Mwenye insulini apewe kwanza, huyo bila kupima anajichoma gizani. Anayetumia vidonge vya metformini peke yake na yuko sawa haina haja ajitoboe kila siku. Na badala ya kila mtu kupima asubuhi tu, tumejaribu kupima kwa jozi, unapima kabla ya mlo mmoja, alafu masaa mawili baada ya kuanza kula, siku tatu tu kwa wiki. Unaona chakula kile kimekufanya nini. Hii imewagusa watu kuliko elimu yote tuliyowahi kutoa! Mtu anakupigia mwenyewe anasema nimetoka saba nimefika kumi na nne kwa sahani ile ile ya kila siku, leo nimepunguza wanga nusu nikajaza mboga, nimeishia tisa. Hatukumwambia, kaona mwenyewe kwa damu yake.

Wiki ya 26

Majibu ya HbA1c ya nusu mwaka yameanza kurudi, kile kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari wa kama miezi mitatu. Wengine wameshuka, wengine wako pale pale, mmoja amepanda na tunajua kwanini, alifiwa. Hatujamaliza kuyapitia kwahiyo sitaandika zaidi hadi yote yafike.

Ila leo saa mbili usiku kabipu mama wa kumi na mbili na kumi na tatu. Nikapiga. Kabla sijamaliza shikamoo ameshaanza.

"Marahaba mwanangu. Nimepata kumi na moja nukta mbili. Najua kwanini, leo tumekula tumechelewa na nilikua sijatembea. Insulini nimeichanganya, nimechoma robo ya kushoto juu, wiki hii ndo zamu yake. Nitapima tena kabla sijalala. Nimekupigia tu ujue."

Nikamuuliza kama anataka nimuulize daktari kuhusu dozi.

"Hapana, asubuhi nilikua saba. Ngoja kwanza tuone na kesho."

Akakata. Dakika moja haijaisha. Nimeandika 11.2 kwenye daftari, na pembeni yake nimeandika ameamua mwenyewe. Stripu zake zimebaki kama kumi, kesho mhudumu akipita ampelekee boksi.